Yosefu wa Mukula Mbichi

Jumanne, 4 Novemba

Mti wa mukula ukiwa mbichi hauchongwi, najua. Lakini mkavu ulikwisha, na padri anaitaka sanamu yake ya Mtakatifu Yosefu Jumapili. Leo patasi ilipogusa jicho, utomvu mwekundu ukateremka hadi kwenye ndevu.

Jirani yangu Mama Kapinga akapiga kelele: "Tata, mutakatifu analia damu!"

"Ni mafua tu, mama."

Hakucheka. Muda si muda lupango wangu, ua mzima, ulijaa akina mama wenye rozari. Nikikiri, nani tena atampa kazi fundi asiyeweza kungoja mti ukauke?

Padri alipofika alinusa ule utomvu, akaninong'oneza: "Ni muti mubichi. Baambie."

"Mi? Baambie mwenyewe, mompere."

Tuliwatazama wale mama. Kisha tukapiga magoti, sote wawili.