Palizi ya Mama Holo

Kulwa mjukuu wangu,

Misimu miwili hujatia mguu hapa, kama vile nimeshakufa! Dada yako anaandika, maneno ni yangu. Babu yako mzima. Umeuliza kama mteja aliyeteleza dukani kwako anakuhusu. Anakuhusu.

Tulipokuwa na duka Shinyanga, ubao wa kukanyagia mlangoni ulikatika, mteja wetu Mama Holo, huyu jirani yetu wa hapa, akaanguka, akavunjika mkono. Babu yako akasema, "Si angetazama chini!" Lakini mimi nilijua ubao umeoza, Mama Holo hakujua. Pamba yake ilisongwa na magugu, nikaipalilia mpaka akapona.

Hadi leo ananitania, "Mwenye duka, uling'oa magugu na pamba!"

Ukija, anzia kwake umwamkie. Kisha uje unieleze umemfanyia nini mteja wako.