Ufagio wa Mwahija

Seloni,
Jumatatu, 6 Machi 1944

Kwa mtani wangu Ambrosi,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Mama Stefania namwamkia shikamoo kutoka huku ng'ambo, ingawa najua badala ya marahaba atauliza tangu lini watu wa Kipatimu wakajua adabu. Habari za shamba, na za ule mguu wako uliochomwa na kisiki? Mimi mwili wangu ni mzima. Ninakula, ninalala, na lori langu linawaka kila asubuhi wakilisukuma watu wawili. Ukimwona mtu wa kwetu ameshuka Lindi, mpe ujumbe ampelekee baba yangu, mzee Valentini, kwamba nimeiona milima inayoshinda milima yake kwa urefu na kwa baridi, basi apunguze majivuno.

Ama baada ya salamu, barua yako ya Desemba imenifikia juma lililopita. Unasema habari ya kifo cha Andrea mliletewa na tarishi wa Bwana Shauri, karatasi yenye mistari miwili, na mistari hiyo haikumtosha mama. Unasema pia wanawake wa jirani wamekumbuka kwamba asubuhi ile Andrea alipoondoka, mkewe Mwahija alishika ufagio akafagia uwanja kabla mumewe hajafika hata njia panda, akazifuta nyayo zake, kama mtu anayemfungia msafiri njia ya kurudi. Mama amelishika neno hilo na haliachii. Mjomba wenu Klementi ameamua shauri lingoje mavuno, ndipo wazee wakae na mganga aitwe, na Mwahija akionekana ana lake arudishwe kwao Sudi na nguo aliyoivaa tu. Mwisho umeniuliza: wewe ulikuwa naye, ndugu yangu alikufaje? Nitakujibu, ila uniache nianze safari ilipoanzia, maana nikianzia mwisho nitaogopa kuendelea.

Mwezi wa kumi na moja tulitumwa milimani kuchukua kabichi, karoti na viazi vya hospitali ya jeshi. Mimi dereva, Andrea msaidizi wangu. Majina ya miji siyaandiki, kwa sababu barua zetu husomwa na afisa kabla hazijafungwa. Siku ya kwanza tulipanda tangu asubuhi, barabara inajikunja hata ukitazama chini unaona pale ulipopita saa nzima iliyopita. Mabondeni ni mpunga, uliokatiwa ngazi kwenye miteremko. Juu ni chai, na wachumaji ni wanawake wenye vikapu mgongoni, kamba ya kikapu imepita kichwani. Andrea aliwapungia mkono wote, na hakuna hata mmoja aliyemjibu, akasema hiyo ni dalili ya malezi mema.

Nchi yenyewe ni tulivu. Ng'ombe akilala barabarani, magari yanangoja aamke. Watu wengi wa huko hawafuati dini yetu wala Uislamu wa jamaa wa Sudi. Wanamfuata mtu wa kale aitwaye Buda, mtoto wa mfalme, ambaye wanasema aliacha jumba, mke na mali akaenda kukaa chini ya mti mpaka akafahamu kwa nini binadamu wanateseka. Hayo nilielezwa na karani mmoja wa barabara, kwa Kiingereza kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana. Watawa wao wananyoa vipara na kujifunga nguo ya manjano, bega moja wazi. Asubuhi hupita nyumba kwa nyumba na bakuli. Hawaombi. Husimama mlangoni kimya, hutiliwa wali, kisha huenda zao bila asante. Andrea alipowaona alifurahi sana, akasema kumbe hawa ni watani wa nchi nzima.

Siku hiyohiyo tulisimama kwenye kijito kunywa maji, na ruba wakatupanda miguuni. Nilitaka kumchoma wangu kwa sigara. Mtawa mmoja mzee aliyekuwa akifua pale alinizuia, akambandua taratibu kwa ukucha, akamweka juu ya jani na kumpeleka kando. Damu ilikuwa yangu, na aliyehurumiwa ni ruba. Sikuchukia, nilishangaa tu. Andrea alisema vita ikiisha atawaletea mbu wa Lindi, wawahurumie mpaka wachoke.

Siku ya pili tulipita kwenye hekalu lililochongwa ndani ya jabali. Viatu vinavuliwa mlangoni, kama msikitini. Ndani mna sanamu ya Buda amelala kwa ubavu, mrefu kuliko lori letu, macho nusu wazi. Mbele yake hapakuwa na kitu ila maua na taa ndogo za mafuta. Mimi nimebatizwa na sikupiga goti, lakini nilisimama pale kwa muda, na nafsi yangu ilipumzika. Nilipotoka viatu vyangu havipo. Andrea ameketi garini, anatazama mawingu.

Sheria yetu unaijua. Tangu babu zenu walipopita kwetu mwaka wa njaa, wakachimba mihogo ya babu yangu bila kuuliza na kisha wakamtukana kwamba ni michungu, mtani akichukua kitu chako humdai. Utakipata kwa hila au utakipata kwa subira. Anayekidai kwa dhati ameshindwa, na anayekirudisha kwa huruma ameshindwa vilevile, na mshinde hulipa kuku. Basi niliendesha lori hadi jioni kwa miguu mitupu, pedali za chuma zikiniuma kwa baridi, huku napiga mluzi. Andrea hakurudisha viatu mpaka nilipomlaghai kwamba kuna nyoka nyuma ya kiti, akaruka navyo nje mwenyewe. Alikuwa amevijaza maua. Tulicheka mpaka mlinzi wa daraja akatoka kutuangalia.

Siku ya tatu tulipakia, na siku ya nne asubuhi tukaanza kushuka. Kamba ya turubai ilikatika tukiwa bado juu kabisa, na mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Mzigo wa hospitali ukilowa na kuoza adhabu yake ni kubwa, kwa hiyo Andrea alipanda juu ya magunia akalalia turubai kwa mwili wake. Alikaa hivyo tangu saa tatu hadi saa kumi. Saa kumi tulikuta mlima umemomonyoka na kuziba njia, tukageuza hadi kijiji cha karibu, na watawa wa hapo wakatupokea.

Andrea alipoteremka hakuweza kufungua vidole. Usiku ule alipata homa, na asubuhi kifua kikaanza kumchoma kila akivuta pumzi. Watawa walimpa maji ya moto ya giligilani na tangawizi. Mkubwa wao alivua nguo yake ya juu, ile ya manjano, akamfunika nayo, yeye akabaki na moja katika baridi ile. Tulikaa siku mbili. Siku ya pili walimzika bibi mmoja wa kijiji, na njia nzima ilipambwa vibendera vyeupe. Yule karani wa barabara, aliyekuja kusimamia uzibuaji wa njia, alinieleza kwamba dini yao inafundisha kuwa kila kilichokuja kitaondoka, na mwenye kulijua hilo hashikilii kitu. Ni maneno mazuri. Mimi sikulelewa nayo.

Njia ilipozibuliwa nilimfikisha hospitali. Padri alimpaka mafuta, na alfajiri ya Jumapili akafariki. Daktari aliandika kichomi. Tumemzika kwenye makaburi ya askari, kichwani pana msalaba wenye jina lake lililoandikwa bila kosa; nililikagua mwenyewe. Mahali penyewe ni penye nyasi fupi na pana kivuli asubuhi.

Ambrosi, ungeweza kuishia hapo ukamsomea mama, na mama angelia, na kisha angerudi kwenye ufagio. Kwa hiyo nasema na lile nililoliruka.

Asubuhi ya siku ya nne, kabla hatujaondoka, nilichukua koti la Andrea, lile zito la sufu tulilogawiwa kwa ajili ya milima. Nilikuwa nalipiza viatu. Nililikunja nikaliweka kwenye kiti changu, nikalikalia. Kamba ilipokatika na yeye akatakiwa kupanda juu, alikuja dirishani kwangu. Aliona mkono wa koti umetokeza chini ya paja langu. Aliutazama, akanitazama mimi, akasema leo kuna joto sana. Nami nikamwambia ndiyo, hata mimi natokwa jasho. Akapanda.

Nilisimamisha gari mara tatu njiani. Kila mara nilishuka nikamtazama juu ya magunia, maji yanamtiririka, na kila mara alisifu joto. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nililiona hilo. Nikajiambia kituo kijacho ataomba, na kuku nitamla mimi. Nikarudi kwenye kiti changu, na kiti kilikuwa na joto kweli, kwa sababu nilikuwa nimekalia koti la ndugu yako.

Kwa watawa ndipo nilipolitoa nikamfunika. Meno yanagongana, lakini alicheka.

"Umelitoa mwenyewe, Kornelio," alisema. "Kuku wangu awe jogoo."

Na mimi nilicheka. Nilidhani ni homa ya siku mbili. Tangu siku ile sijacheka vizuri, na nakuambia hilo bila kutaka unihurumie.

Nimejaribu kujitetea mwenyewe, kama afanyavyo kila mtu. Kwamba alikuwa na kikohozi tangu tuliposhuka melini. Kwamba wengine wamelowa zaidi yake wakapona. Kwamba angeweza kuomba. Daktari mwenyewe hakuniambia ni koti, kwa sababu sikumwambia habari za koti. Hakika yake anaijua Mungu peke yake. Lakini ukiniuliza kati ya ufagio uliokuwa Lindi na koti lililokuwa chini yangu, koti ndilo lililokuwa karibu naye.

Na kuhusu ufagio wenyewe, Andrea alinisimulia habari zake melini, bila mimi kumuuliza. Alisema asubuhi ile Mwahija alikuwa ameapa hatalia mbele ya mama mkwe. Machozi yalipomjia alishika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, apate sababu ya kuinamisha uso. Andrea aligeuka mara moja tu njiani, akaona utosi wake na vumbi, akajua. Alikuwa akilieleza jambo hilo kwa fahari. Nami nilimtania kwamba amepata mke wa kufagia, ashukuru.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Naandika upesi ili barua ikufikie kabla ya mavuno. Usiisome peke yako ukaificha kwa kunionea haya. Isome mbele ya mjomba Klementi na wazee, mama akiwapo na Mwahija akiwapo, na sehemu ya koti uisome mara mbili. Najua mjomba atasema nini. Atasema mtani hashitakiwi, kwamba hata mtani akiua kwa mzaha hulipa kwa mzaha, na jambo litakwisha kwa watu kunitukana matanga yote. Kwa sheria hiyo nimekwisha kuwa huru hata kabla barua haijafika. Basi, kama utani unaweza kumfunika mtu aliyekalia koti, hauwezi kukosa upande wa kumfunika mwanamke aliyeshika ufagio. Na kama mtu mmoja ni lazima abaki nje, mimi ndiye nibaki.

Afisa ataisoma hii kabla yako. Anakijua Kiswahili. Akitaka kuniita, naendesha gari lake kila siku, hatapata taabu kuniona.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Mama Stefania sina neno la kumwomba; mwambie tu mwanawe hakuwa peke yake, na alifunikwa na watu wasiomjua. Mwahija mpe pole yangu, umwambie Andrea aligeuka. Wewe mguu uutunze, usiukanyagie shambani kabla haujafunga. Mungu awaweke.

Siku zote nimekuandikia kwa jina la mtani, na ukanitambua. Leo naandika jina langu lote na namba yangu ya jeshi, ili mjomba akitaka mtu wa kumwita barazani, asimwite Mwahija.

Kornelio Valentini, wa Kipatimu
Askari namba 4417, Kikosi cha Magari