Bitana ya Bahasha za Kasuku

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 15 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Leo ni tarehe kumi na tano, na kabla sijashika kalamu nimejiapia kwamba nitakueleza yote, pamoja na yale ambayo ningependa usiyajue. Ukifika mahali ukaona mwandiko umelegea, ujue hapo nilikuwa najikokota kwa aibu.

Kwanza pokea salamu zangu. Hujambo? Na goti je? Uliandika kwamba ngazi za ofisini zinakutesa, na Baba anasema uwaombe wakuhamishie chini kabla goti halijaomba lenyewe. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Baba kimebaki cha asubuhi tu. Mama ana sare nyingi za kushona, na cherehani inatuamsha hata siku za kulala. Mimi nimekuwa wa tatu darasani. Mwalimu ameandika kwamba kazi yangu ni safi ila mimi ndiye wa mwisho kukusanya karatasi kila mtihani.

Sasa nije kwenye lililonikaa kooni.

Tangu Januari umeniandikia barua tatu, na zote zimekuja katika bahasha nyeupe za karatasi nyembamba. Ukiielekeza dirishani unasoma "Mpendwa binti yangu" kabla hata ya kuifungua. Sisemi ni mbaya. Lakini mdogo wangu Kasuku umemwandikia sita, na zake zote zimekuja katika zile bahasha za ofisini kwako, zenye michoro ya buluu na kijivu kwa ndani. Mtoto wa miaka minane, anayelala na kidole mdomoni, ana sita.

Unajua kwa nini tunamwita Kasuku. Siri haijawahi kulala ndani yake. Alipovunja kikombe cha Bibi, alikwenda kumwambia Bibi vipande vikiwa bado vinatembea sakafuni. Lakini akipata barua yako anaingia chini ya kitanda, na akitoka huko amenyamaza. Nikimuuliza, "Shangazi anasemaje?" ananijibu, "Anakusalimu." Basi, hana zaidi.

Ulipokuja likizo ulisema chumba chako kidogo kingemtosha mtoto mmoja, na kwamba karibu na kwako kuna shule inayofundisha kuchora kama somo kamili. Ulikuwa unakunja nguo, na ulisema mbele yetu sote. Mimi nililipokea kama limesemwa kwangu. Nimelala nalo na kuamka nalo miezi sita. Kwa hiyo bahasha za Kasuku zilipoanza kuja, nilijua mnapanga, na kwamba anayeachwa ni mimi.

Aibu ya kwanza ni hii. Barua yake ya pili ilifika yeye akiwa shule. Niliibandika kwenye kioo cha dirisha, jua likiwa kali nyuma yake. Sikuifungua. Nilitaka tu kuisoma kama ninavyoweza kusoma zangu. Sikuona hata herufi moja. Niliona mistari ya buluu, imejikunja, imepandana, inakwenda na kurudi kama imetumwa kunichosha macho. Nilikasirika kiasi cha robo saa. Halafu, hasira ikiwa bado ipo, nikaanza kuitazama ile mistari yenyewe.

Kasuku hufungua bahasha kwa kuichana, kisha huitupa kwenye kapu la vipande vya nguo. Barua anaficha, bahasha anatupa, mimi naokota. Nilipozinyoosha kwa pasi, Mama alisimamisha cherehani akachukua moja, akaigeuza mara mbili. "Hii ni bitana," akasema, kwa jina la kile kitambaa anachokishona ndani ya koti. "Mbele ya nguo kila mtu anaweza kupamba. Fundi unamjua ukiigeuza." Tangu hapo na mimi naita bitana.

Nimezibandika katika daftari langu la hesabu la mwaka jana, na kila moja nimeipa jina. Kuna Mvua ya Upande, vistari vifupi vilivyolala kama vimepigwa na upepo. Kuna Magamba. Kuna Maji Yaliyorushiwa Jiwe, duara ndani ya duara mpaka zinagongana na za jirani. Kuna moja ambayo ukiitazama ina miraba, ukipepesa macho ina nyota, na hiyo ilinishinda jina siku nyingi mpaka nikaiita Kigeugeu. Lakini niipendayo kupita zote ni ya kijivu, inayofanana na mchanga.

Hiyo ya mchanga niliipeleka kwa fundi saa wa mtaani kwetu, nikamwomba aniazime kile kioo anachokibana jichoni.

"Saa imeingia kwenye bahasha?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Nataka kuona mchanga."

Kumbe haukuwa mchanga. Zilikuwa herufi mbili, ndogo kuliko mayai ya chawa, zimechapwa kwa maelfu, nyingine zimesimama, nyingine zimepinduka miguu juu. Ndizo herufi za mwanzo za jina la kampuni yenu. Fundi akataka kuona na yeye. Aliinama nayo muda mrefu huku mteja wake akikohoa kwa makusudi. Kisha akasema, "Na watu wanachana tu, wanatupa."

Nimelifikiria sana jambo hilo, Shangazi. Mtu aliyechora bitana hizi aliambiwa azuie macho ya watu, yasipite. Angemwaga wino mweusi karatasi nzima na kazi ingekuwa imekwisha, wala hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akakaa akachora mvua. Nilimwonea wivu mtu huyo. Nilizionea wivu hata bahasha, kwa sababu zilipewa siri zizibebe, na mimi dada mtu sikupewa.

Sasa aibu ya pili, ambayo ndiyo kubwa.

Alhamisi ilifika barua yake ya sita. Kasuku aliingia nayo chini ya kitanda, akakaa huko, akatoka uso umemshuka. "Dada," akasema, "ukiapa hutacheka nitakuonyesha kitu." Niliapa. Akanipa barua.

Niliona maandishi makubwa uliyoyapanga kwa nafasi, na chini ya kila neno nukta ya kuwekea kidole. Hapo ndipo nilipoelewa. Kasuku hajui kusoma. Miaka yote hii darasani alikuwa anakariri anachosikia kwa wenzake. Tunalala kitanda kimoja, blanketi moja, na sikujua. Akaniambia alikueleza wewe likizo ile, ukamwanzishia herufi, akakuomba usimwambie mtu, na wewe ukaendelea kumfundisha kwa barua, ndani ya bahasha ambazo hakuna jicho linalopita.

"Mstari wa mwisho umenishinda," akasema. "Nisomee."

Nilipitisha macho kwanza. Uliandika: Mwakani njoo ukae kwangu, usome huku.

Shangazi, nilisoma hivi, kwa sauti nzuri ya darasani: "Uwe na adabu, umsaidie Mama." Sikusita hata kidogo. Uongo ulitoka umenyooka kama umepigwa pasi.

Lakini wewe ulimfundisha kuweka kidole, neno kwa neno. Nilipomaliza, kidole chake kilikuwa bado hakijafika mwisho.

"Dada, limebaki neno moja."

"Hesabu vizuri."

"Nimehesabu. Wewe umesema matano, hapa yako sita."

Akanipokonya karatasi. Alianza mwenyewe, polepole, midomo ikifuata kidole: "Mwa-ka-ni." Akarudi nyuma. "Nj... njo-o." Maji ya kuoga yangechemka akiwa bado njiani, lakini alifika. Alipofika alirudi mwanzo, akausoma tena wote kwa mkupuo mmoja. Kisha akanigeukia.

"Ulikuwa unanidanganya, au na wewe hujui kusoma?"

"Nilikuwa nakudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka niende mimi."

Akafikiri. "Basi si ungesema," akasema, akatoka mbio. Kabla ya chakula cha jioni nyumba nzima ilikuwa inajua kwamba Kasuku anasoma na kwamba dada yake ni mwongo. Fundi saa alijua pia. Mama alinitazama, akarudi kwenye cherehani yake. Baba alisema tu, "Shangazi yenu ana macho yake," na mpaka leo sijui alikuwa anamtetea nani.

Nimemwomba Kasuku radhi. Amenisamehe kwa sharti kwamba kila mchana nimsikilize akisoma, na nisiseme neno mpaka amalize. Namsikiliza. Anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Furaha ninayo, usidhani sina, ila haijatosha kuufunika wivu. Anakwenda kwenye shule ya kuchora mtoto ambaye watu anaowachora wote hawana shingo. Na wewe pia nakuonea wivu, Shangazi, kwa sababu alikuwa na mimi mgongoni kwake kila usiku, akangoja mpaka ulipokuja wewe ndipo aseme.

Bahasha ya barua hii nimeikunja mwenyewe, na bitana yake nimeichora kwa mkono, jana na juzi. Ni mishono ya cherehani, mistari ya vinukta inayozunguka bila kukutana. Hakuna mtu aliyeniagiza. Upande mmoja mkono ulichoka na mistari imepanuka, utaona. Natumaini hukuichana ulipofungua.

Mama anakusalimu na anasema umtumie vipimo vya mkono kwa ile blauzi. Baba anakusalimu. Bibi anakusalimu mara mbili, kwa sababu mara ya pili alikuwa amesahau kwamba ameshasema. Kasuku anasema hahitaji mtu wa kumsalimia, ataandika mwenyewe. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe usingizi mzuri, na akuzungushie watu wema kazini.

Nina swali moja tu, na ninaomba unijibu kwa posta ya kwanza, hata kama jibu litaniuma. Siku ulipoandika mstari ule wa mwakani, ulinifikiria kwanza ukaniacha, au sikukujia akilini kabisa?

Wako akupendaye na kukuonea wivu,
Binti mkubwa wa kaka yako.