Siku Tuliyouza Trekta la Baba Mdogo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, kisha mpwa wangu, kisha huo mgongo wako, maana mara ya mwisho uliniambia kwamba siku hizi mgongo ndio mwenye nyumba na wewe ni mpangaji tu. Umepata nafuu? Ile dawa ya kuchua umeipaka, au umeiweka kabatini uitazame? Mimi mwili hauna neno. Karakana inakwenda, wateja wanakuja na magari mabovu na maneno mazuri, ndiyo kazi yetu. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Haya ninayoandika nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu, na mara zote niliishia kukuuliza habari za mvua.

Dada, nitamtaja Baba Mdogo. Najua hutaki atajwe mbele yako, na miaka kumi na sita nimeiheshimu amri hiyo. Leo nisamehe. Tafadhali soma mpaka mwisho, ukimaliza unikasirikie ukipenda.

Kiharusi kilimpiga miezi mitatu iliyopita, upande wote wa kulia umelala. Hospitalini walijitahidi, kisha wakamrudisha nyumbani. Maneno yake yote yameondoka isipokuwa moja. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huu wakati mwingine huzoa maneno yote ukamwachia mtu moja tu, na mwenyewe hachagui. Neno alilobakiwa nalo ni "lipo". Ukimuuliza kama ana njaa, lipo. Ukimuuliza kama anaumwa, lipo. Mama Mdogo alidhani anaulizia blanketi, akamfunika mablanketi manne siku ya jua kali, maskini mzee wa watu akalowa jasho chapachapa. Waliokuwepo walicheka, hata yeye mwenyewe alicheka kwa ule upande mmoja wa uso. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Basi Mama Mdogo akaamua trekta liuzwe. Shamba limekodishwa, wa kuliendesha hayupo, na mgonjwa anahitaji kiti cha magurudumu na mtu wa kumnyoosha viungo. Akaniita mimi, fundi wa ukoo, akaniomba nilitengeneze liweze kusimama mbele ya mnunuzi bila kuona haya. Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka.

Tangu shemeji, mumeo, afariki sikuwahi kuligusa trekta lile. Nikienda kuwasalimia nilikuwa napitia upande wa jikoni ili nisilione. Safari hii ilibidi nilale chini yake siku nne nzima, mgongo kwenye udongo uleule. Nilibadilisha breki zote mbili na mabomba ya rejeta, nikafunga stata, nikamwaga oili iliyokuwa nyeusi tii. Ndani ya madigadi ya nyuma nilikuta alama za rangi za mumeo, mstari mmoja kwa kila ekari aliyolima, msimu mmoja juu ya mwingine. Msimu wa mwisho una mistari saba. Nilichukua brashi na dizeli nipasafishe, maana mnunuzi anapenda kitu safi. Nikasafisha trekta zima, pale nikashindwa.

Unaukumbuka utaratibu wa nyumba ile. Stata ilikufa hata kabla hujaolewa, na Baba Mdogo, kwa ule ubahili wake wa kujivunia, akasema mteremko ni stata ya bure. Trekta likawa linaegeshwa kwenye kiteremko kando ya ghala, pua ikitazama chini, likizuiwa na jiwe kubwa mbele ya tairi. Asubuhi unaondoa jiwe, linateremka, injini inawaka. Gia peke yake haikutosha kulishika, injini ilikuwa imechoka mno. Kwa hiyo aliyeegesha ndiye aliyeweka jiwe, na hakuna aliyesogea mbele ya trekta kabla ya kuuliza kwa sauti, "Jiwe lipo?" na aliyeegesha ajibu, "Lipo." Tuliuliza na kujibu mara ishirini kwa siku, mpaka ikawa kama salamu, mtu unajibu huku unawaza mambo yako mengine.

Siku ya pili nikiwa chini ya injini nilisikia nikiulizwa. Saa nne asubuhi, jua linawaka, kuku wanaparura pembeni. Ilikuwa sauti ya shemeji kabisa, ile yake ya kukwaruza. Nikajibu upesi kama zamani, kisha nikainuka na kujigonga paji la uso kwenye chuma. Hapakuwa na mtu. Usidhani nimerukwa na akili. Ile sauti ninayo miaka yote hii, nimeshazoea kuisikia bafuni, hata nikiwa na wateja, ila siku zote huwa ndani ya kichwa. Mara hii ilitoka mbele ya rejeta.

Wanunuzi nao walikuwa vituko. Dalali aliyetuletea, yule tunayemwita Domo Kaya, alimleta bwana mmoja aliyelizunguka mara tatu, akapiga teke tairi, akauliza kama tunauza trekta au tunatafuta wa kulizika. Dalali akamgeukia mgonjwa, aliyekuwa ameketishwa dirishani atuone, amsaidie, akamuuliza kama chombo hiki kina ubovu wowote. Baba Mdogo akamjibu lipo. Yule bwana akaenda zake.

Jumanne akaja mama mmoja mkulima wa vitunguu, mnene, mcheshi, anayejua anachokitaka. Huyu hakupiga teke kitu. Alivua viatu, akapanda, akakaa, akashika usukani kama anayepima nguo. Akashuka, akaenda mbele, akachuchumaa achungulie rejeta. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Matairi yote manne nilikuwa nimeyawekea mawe, breki mpya, gia ndani. Akaniuliza, bila hata kuinua kichwa, kama nimeweka jiwe. Hajui lolote la nyumba ile, Dada. Ni swali la mkulima yeyote mwenye akili.

Nikashindwa kujibu. Wallahi mdomo uligoma. Niliyaona mawe kwa macho yangu, na bado sikuweza kusema neno moja la kweli. Akarudia kuuliza. Na hapo, kutoka dirishani, Baba Mdogo akajibu kwa nguvu zake zote, "Lipo."

Alinijibia. Mara ya pili, Dada.

Ya mara ya kwanza ndiyo haya. Siku ile aliyeegesha trekta hakuwa Baba Mdogo. Ni mimi. Rejeta ilikuwa inachemka, nikalizima, nikaliingiza gia, nikaruka kukimbilia maji kwenye pipa, nikajiambia jiwe nitaliweka nikirudi. Shemeji akaja akiwa na spana, akasimama pembeni kama sheria inavyotaka, akauliza. Nami nikiwa nimempa mgongo, ndoo mkononi, nikamjibu lipo. Sikuwa nadanganya, nilikuwa naitikia tu, kama unavyoitikia hodi. Aliamini. Alichuchumaa mbele ya trekta kwa sababu ya neno langu. Niliposikia tairi likisaga changarawe niligeuka, na trekta lilikuwa limeshapinda na kumfikisha kwenye ukuta wa ghala.

Baba Mdogo ndiye aliyefika wa kwanza. Aliangalia tairi, akaliangalia lile jiwe limekaa kando ya ukuta, akaniuliza kitu kimoja tu: kama niliweka. Nikatikisa kichwa. Akaniambia nifunge mdomo na nisiufungue kamwe. Watu walipojaa, na polisi walipokuja, na wewe ulipofika na lile tumbo la miezi saba, alisema ni yeye. Ulichomwambia siku ya mazishi, kwamba hata maji ya kunywa asiombe mkononi mwako mpaka anaingia kaburini, nilikisikia. Nilikuwa nyuma yako, nimekushika bega.

Wiki iliyofuata nilimwendea nikamwambia siwezi. Akanieleza kwamba sisi wawili hatuna baba wala mama, wewe ndiye uliyenilea, na mtoto anayekuja atahitaji mjomba. Baba mdogo, alisema, mtu anaweza kumchukia na maisha yakaendelea. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliyaona ni maneno ya busara. Nilipofika thelathini nilijua ni mzigo wangu kaubeba yeye, nami nikaendelea kunyamaza, kwa sababu kila sikukuu ulikuwa unaniita nije nile kwako na yeye hukumwita. Niliipenda ile sahani yako, Dada. Huo ndio uoga wangu wote, sina wa kusingizia.

Pale Jumanne nilikaa chini mbele ya mnunuzi nikalia kama mtoto. Mama Mdogo akaja mbio akidhani nimeumia, nikamwambia yote. Hakuwa anajua! Baba Mdogo alimficha hata yeye. Aliishika kanga yake, akasema kwamba miaka yote hii kila wakigombana alimwita mumewe muuaji wa watoto wa watu, naye alikuwa anavaa kofia anatoka nje. Hakunitukana. Aliniambia nimalize kazi ya watu, kisha nikaandike. Akaingia ndani kwa mgonjwa akafunga mlango. Trekta liliondoka alasiri hiyo, likiwaka kwa ufunguo, na mama wa vitunguu mwenyewe ndiye aliyeliendesha.

Sikuandikii unisamehe. Nakuandikia kwa sababu daktari amesema tusihesabu wiki nyingi. Nimeweka tiketi yako ndani ya bahasha hii, tarehe iko wazi. Njoo umwone, Dada. Maneno hana, lakini anasikia kila kitu na macho yake ni yaleyale. Mpe maji kwa mkono wako. Siku utakayokuja mimi sitakuwepo pale nyumbani, Mama Mdogo ameshajua, kwa hiyo usiogope kukutana na uso wangu mlangoni.

Pole ya mgongo, na usisafiri bila mto wa kuegemea. Mpe mpwa wangu salamu nyingi. Nilimwahidi kumfundisha kuendesha gari akifunga shule. Usimfiche barua hii, anakaribia umri niliokuwa nao mimi. Mpe aisome, kisha yeye mwenyewe aamue kama bado anataka nimfundishe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi