Umeme Ulikuwa Unatosha

Baba,

Ni mwezi wa nne sasa tangu tukuzike. Siku ile sikulia, na najua watu waliona. Shangazi alinivuta kando akaniuliza kama nina jiwe mahali pa moyo. Nikamwambia nimechoka tu. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua bado hasira yenyewe ni ya nini hasa. Sasa najua, ndiyo maana mchana huu nimekaa kwenye kibanda cha mashine, juu ya debe lako la grisi, nakuandikia. Sikuandikii kukutakia pumziko. Pumzika kama unaweza.

Nianze na haki yako, nisije nikakuonea. Ulirudi kutoka migodi ya shaba ya Kitwe, kule Zambia, na sanduku la spana na kikohozi. Mama ndiye aliyenisimulia, maana mimi nilikuwa mdogo. Baba zangu wadogo walikuwa wameshagawana shamba lako la viazi, wakakuonyesha ukingo wa mto, kwenye mawe matupu, wakasema jenga hapo. Ukajenga. Ukawa unashinda mtoni na ndoo na saa ya mkononi, unapima maji, na watu wa kijiji chetu cha Ibaba wakipita wanasema migodi imemharibu akili. Ulinunua jenereta bovu kwa watu wa vyuma chakavu kule Tunduma, ukalifungua na kulifunga tena hadi likakubali. Gurudumu la kupigwa na maji ulilitengeneza mwenyewe kwa vipande vya bomba. Na mfereji ulichimbwa na kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, kwa majembe yao, kwa sababu uliwaahidi taa na mashine ya kusaga.

Siku taa ya kwanza ilipowaka, watu walisimama uani kwetu wakawa wanasema ndaga, ndaga, wanakushukuru mmoja mmoja. Baba zangu wadogo nao walikuja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikuwahi kukuona umesimama wima kiasi kile.

Nilipomaliza darasa la saba ulinichukua ukanifundisha kazi. Wenzangu waliolewa, mimi nilikuwa juu ya nguzo. Watu wakakusema kwamba unampandisha binti nguzo, ukawajibu, "Mikono yake haitetemeki." Neno hilo nimelibeba miaka mingi. Nilisuka nyaya, nilibadilisha beringi, nilisafisha chujio la mfereji kwenye baridi ya Juni mpaka vidole vikafa ganzi. Kitu kimoja tu ulinikataza. Ile koki kubwa inayofungulia maji, yenye usukani wa chuma, nisiiguse. Ulisema, "Koki ni yangu, nyaya ni zako." Niliona ni heshima. Kila fundi ana kitu chake.

Miaka miwili ya kwanza mashine ya kusaga ilizunguka, kanisa likawaka, na nyumba zote za ukingo huu zikawaka, kwa pamoja. Nakumbuka vizuri. Halafu umeme ukaanza kuwa mdogo. Ulisema mto umepungua, watu wanakata miti huko juu. Ukatupandisha mlimani kupanda miche, kijiji kizima, na mvua ikitunyeshea. Tulipanda, Baba. Ile miti leo ni mikubwa.

Kuanzia hapo neno lako likawa moja. "Umeme hautoshi." Mtu akija kuomba waya, hautoshi. Akija tena na kuku, ukawa unatosha kidogo. Mzee Msyani alibishana nawe kwenye kilabu cha pombe, kesho yake ukanituma nikakate waya wake, kwa sababu hautoshi. Akakaa gizani miaka mitatu. Alikuja kukuomba radhi akiwa amevua kofia, na wewe ukaendelea kula mahindi yako hata hukumwangalia. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Nilijiambia kwamba fundi akiwa na umeme mdogo lazima awe mkali.

Unazikumbuka zile balbu? Ulinituma Tunduma kununua mkanda na beringi. Dukani nilimkuta kijana mmoja wa Kigoma, mwenye baraghashia, ambaye alikuwa ameweka kwenye ubao balbu mbili zinazotoa mwanga sawasawa, na chini yake mita mbili za kupimia umeme. Mita ya balbu ya zamani ilikuwa inakimbia. Ile ya balbu mpya, ya kubana matumizi, inajikokota. Akaniambia, "Dada, nyumba moja ikiacha hizi za zamani, nyumba nne zinawaka." Nilisimama pale mpaka wateja wengine wakaanza kunisukuma, nikanunua boksi zima. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu nyumba za kwetu kichwani. Nilikuwa nimekupatia dawa. Nilijua utafurahi.

Ulizitazama zile balbu, ukaliinua boksi, ukatoka nalo. Nikasikia zinavunjika kwenye shimo la choo. Uliporudi ukasema, "Nani alikwambia mimi natafuta kupunguza?" Nikadhani umechukia kwamba mwanafunzi amejua kitu kabla ya mwalimu. Nikakuomba msamaha. Hebu fikiria hilo. Nilikuomba msamaha.

Halafu ikaja habari ya zahanati.

Nesi Eliza hakuwa adui yako. Alihamishiwa kwetu kutoka Mbozi, mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Tulipomvutia umeme alirudisha wilayani friji lake la mafuta ya taa, akaletewa la umeme la kutunzia chanjo. Kosa lake lilikuwa moja. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema kwamba kwa kuwa mfereji ulichimbwa na watu wote, pawe na kamati ya kusimamia mashine, ili mtu asikatiwe waya kwa ugomvi. Hakukutaja jina. Wewe uliziona nyuso za watu zikimkubali.

Asubuhi ya siku iliyofuata ulinipa koleo. "Mto umeshuka, hautoshi. Anza na zahanati." Nilikuambia, Baba, kuna chanjo mle. Ukasema, "Nani fundi hapa?"

Nikaenda. Hili sitakusingizia, mkono uliokata ni wangu. Nesi Eliza alitoka akasimama chini ya nguzo, akaniita kwa jina, "Sekela, ngoja walau nitafute barafu." Sikungoja. Nilikata, nikashuka, nikapita mbele yake nikiangalia chini. Chanjo ziliharibika zote. Siku ya kliniki kina mama walifika, wengine wametembea tangu alfajiri na watoto mgongoni, wakaambiwa waende zahanati ya kata nyingine. Mimi nilikuwa mmoja wao, na Neema wangu akiwa na miezi mitatu. Nilipanda ule mlima na kushuka ng'ambo ya pili pamoja na wanawake wanaojua nani alikata waya. Hakuna aliyenitukana. Walinipokea mtoto kwenye utelezi, wakanirudishia. Afadhali wangenitukana.

Bado nilikuamini. Hiyo ndiyo inayonikaba. Nilisema moyoni, kama mto umeshuka Baba angefanya nini.

Kikohozi chako kilipozidi tulikupeleka hospitali, na hukurudi. Tukakuzika kando ya uzio wa mawe, na kijiji kizima kilikuja, hata Mzee Msyani. Wiki ya pili baada ya arobaini mashine ikaanza kupiga kelele, na kaka Ambwene, ambaye alikuwa hajaondoka kurudi kazini kwake Vwawa, akanisaidia kuifungua. Tulitaka kufunga maji kabisa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishika usukani wa koki.

Nilifunga, tukabadilisha beringi, nikafungua. Usukani ukafika nusu ukagota. Ambwene akasema kuna kutu. Nikapaka grisi, ukagota pale pale. Kulikuwa na kifuniko cha bati juu ya mhimili wake, kimepakwa rangi ya kijani kama bomba lenyewe. Nilikifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma kimechomelewa kwenye mhimili, kimenyooka, kimesuguliwa kingo vizuri, kinazuia usukani usipite nusu. Naujua mkono wako, Baba. Hakuna mwingine hapa anayechomelea hivyo, mshono mmoja bila kurudia.

Ambwene alielewa haraka kuliko mimi kwamba uliyazuia maji makusudi. Akasema, "Labda aliogopa mashine itapasuka." Nililishika hilo kama mtu anayeshika kamba. Nilitaka liwe kweli. Tukakikata kile chuma kwa msumeno wa mkono, ilituchukua tangu asubuhi hadi saa tisa. Nikafungua koki yote. Sauti ya mashine ilibadilika ikawa nene, na mkanda ukanyooka. Wiki nzima nilikaa hapa, kila saa naweka kiganja kwenye beringi kusikiliza joto. Hazikuchemka. Tukawasha mashine ya kusaga na kanisa na nyumba zote, na taa hazikufifia. Ilikuwa kiangazi, Baba, mto uko chini kabisa.

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwekea kile chuma kwenye ungo. Hakukishika. Akasema, "Nilijua." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ulipokichomelea. Alikuuliza kwa nini, ukamjibu, "Wakishatosheka hawatanisalimia."

Ningeweza kukuhurumia kwa neno hilo. Mama anakuhurumia. Ananikumbusha yale mawe uliyopewa, na jinsi watu walivyokuwa wanapita bila kugeuza shingo. Mimi nasema sawa, lakini walikuja wakachimba mfereji. Walikushukuru. Walipanda miti kwa ajili ya uongo wako kwenye mvua. Ulitaka wafanye nini zaidi? Na mimi je? Mimi sikukusalimia? Nilikuamkia kila asubuhi ya maisha yangu, na ukanipa koleo.

Baba zangu wadogo walipopata habari walikuja na Ambwene kunizuia. Mmoja akasema, "Marehemu hasemwi. Sema tumenunua kifaa kipya, umeme umeongezeka." Ambwene akaniomba nifikirie jina la ukoo. Nilifikiria siku tatu. Kusema kweli niliogopa, kwa sababu najua kitakachofuata. Wataniuliza mwanafunzi wake alikuwa wapi miaka yote hiyo.

Nilisimama kwenye mkutano nikawaonyesha kile chuma. Niliwaambia kilikuwa wapi na kazi yake ni nini. Niliwaambia nani alikata zahanati na kwa amri ya nani, na kwamba mto haukuwahi kupungua kiasi kile. Watu walikipokezana, kila mtu anakigeuza. Mzee Msyani alikishika muda mrefu kuliko wote. Akasema, "Nilivua kofia kwa ajili ya hiki?" Halafu akaondoka, na tangu siku hiyo hapiti tena njia ya kwetu. Mama mmoja aliniuliza mbele ya wote, "Na wewe uliyekuwa unapanda nguzo, hukujua?" Nikamjibu sikujua. Sidhani kama aliniamini. Wengine hawaniamini mpaka leo, na wananiamkia huku wanaangalia pembeni. Huo ndio urithi ulioniachia, pamoja na spana.

Baada ya mkutano nilimfuata nesi Eliza nikamwambia nitamleta fundi mwingine arudishe waya wa zahanati, ili asilazimike kuniona. Alikuwa anafunga mlango. Akasema, "Hapana. Panda wewe." Kesho yake nilipanda nguzo ile ile. Mikono yangu ilitetemeka, Baba, kwa mara ya kwanza, na koleo liliniponyoka nikalisikia linagonga mawe. Alikwenda akaliokota, akasimama chini amelishika juu mpaka niliposhuka nusu ya nguzo kulichukua. Hakuniambia ananisamehe. Alisema tu, "Ukimaliza uniambie, nipige simu wilayani wanirudishie chanjo."

Kamati ipo sasa. Watu saba, na mimi ni fundi wao, si mwenye mashine. Nyumba zote zimewekewa balbu za kubana matumizi, na umeme uliobaki umempa mzee mmoja wa kule juu kiwanda kidogo cha kuranda mbao. Kila mmoja wa kamati amefundishwa kufungua koki. Walitaka kuandika jina lako juu ya mlango wa kibanda. Niliwaambia waamue wenyewe, mimi sishiki brashi. Hawajaandika.

Nakuaga, Baba. Sijakusamehe, na sitasema kanisani kwamba nimekusamehe. Mama nitamtunza, hilo usilifikirie. Kaburi lako Ambwene ndiye analipalilia akija, mimi bado siwezi kuinama pale. Ila Neema ameanza kuuliza. Juzi alisimama mlangoni mwa kibanda akitazama maji yanavyoingia, akaniuliza hii alitengeneza nani. Nilimwambia nitamjibu siku nyingine, nikaenda kusafisha chujio.

Ahadi yangu kwako ni hii. Nitamwambia kwamba babu yake alikuja na ndoo na saa, akatoa umeme kwenye mto ambamo watu walikuwa wanafulia nguo tu. Na siku hiyo hiyo, kabla hajaenda kucheza, nitamwambia kwamba aliufunga nusu. Sitalipunguza neno lolote kati ya hayo mawili.

Mwanao,
Sekela