Kwa Loveday, Ambaye Nyuki Wake Hawajaambiwa

Mwaka umetimia, Loveday, tangu homa ikuchukue zikiwa zimebaki siku chache uolewe, na bado hatujazoea kukuita marehemu.

Ulikuwa mpole hadi ukatuudhi. Mkate wako wa zafarani ulikuwa unaugawa kwa majirani, sisi tunabaki na makombo. Nyuki wako hukuwahi kuwavalia wavu usoni. Uliwaita wanangu, na kama desturi yetu inavyotaka, ulikuwa unagonga mzinga kwa ufunguo wa mlango na kuwapa habari za nyumba: nani kazaliwa, nani anaolewa, nani kafa. Kisichosemwa mzingani, kwa nyuki hakijatokea.

Jory alipokuposa mara ya kwanza, ungali msichana, dada yetu Keziah ndiye aliyekujibia. Alimwambia palepale mlangoni kwamba baharia asiye na nyumba hana pa kumweka mke. Wewe ukanyamaza, naye akapotelea baharini miaka na miaka. Aliporudi na mvi zake, ulimfungulia mwenyewe, ukamkubali. Loo, ulivyopendeza siku ile!

Ulipofariki, Jory alitusihi nyuki wasiambiwe. Tukadhani ni uchungu tu. Lakini tangu hapo tukawa tunasikia nyayo zako ngazini, na asubuhi kitanda chako kina joto. Jory akahamia chumbani kwako. Akawa anaongea, ananyamaza, anaongea tena, kama mtu anayejibiwa. Chakula hagusi. Keziah akaingiwa na hofu kwamba unamvuta, na kwamba tutamzika na yeye.

Jana jioni akachukua ufunguo na kitambaa cheusi cha kuufunga mzinga wakati wa msiba, akashuka bustanini. Jory akamzuia njiani.

"Ukiwaambia, ataondoka."

"Nisipowaambia utaondoka wewe, shemeji. Umebaki mifupa."

"Basi niache niende. Dada Keziah, ulishamsemea mara moja. Haikutosha?"

Keziah alisimama pale akilia, hata machozi hakuyafuta. Kisha akakitupa kile kitambaa, akavua aproni yake nyeupe, akaufunga nayo mzinga kama tufanyavyo siku ya harusi. Akagonga. Tulimsikia sote: "Loveday anaolewa na Jory. Leo."

Nyuki wakanyamaza kimya, wote kwa pamoja. Ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, mlango wa juu ulifunguka. Jory akaingia haraka kama kijana, wala hakugeuka kutuaga.

Leo asubuhi tulimkuta kitandani mwako, amelala ubavu, mkono ameunyoosha upande wako. Mwili wake ulikuwa wa baridi. Shuka upande wako lilikuwa na joto bado, likapoa tukiwa tumeligusa.

Unakumbukwa na dada yako Keziah, mdogo wako Tamsin na shemeji yako Denzil. Jory naye tulikuwa tumemwandika hapa, kwa jina la mumeo. Tumelazimika kumfuta kwenye orodha ya waliobaki.

Siku zote tutawakumbuka.