Vifaa vya Bunduki Ulivyoniagiza

Edmonton,
London.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Ambrose,

Nakusalimu sana, wewe na wifi Bertila na watoto. Ni matumaini yangu kwamba mko wazima na mvua za vuli hazijawaharibia migomba. Mkono wa wifi unaendeleaje? Ulisema kwenye simu kwamba bado hawezi kukunja vidole viwili. Asiache yale mazoezi ya hospitali hata kama yanauma.

Sisi huku tunapumua tu. Baridi imeanza mapema, magoti yananisumbua kwenye ngazi za kazini, na shemeji yako anakohoa tangu mwezi uliopita. Watoto wanakuamkia, kwa Kiingereza chao hicho hicho.

Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Naomba usome mpaka mwisho.

Nianze na ulichoniagiza. Ulisema ile bunduki uliyonunua baada ya wezi kumkata wifi panga, sasa unataka kuigeuza iwe ya mchezo wa kulenga visahani vya udongo, maana kuna watu Arusha wanaocheza na wamekukaribisha. Sikukuuliza maswali. Nilimtafuta Gurpreet wa Queensbury, ambaye baba yake alikuwa na gereji ya matrekta hapo Moshi. Yeye huenda kulenga visahani huko Essex karibu kila Jumapili. Nikamwonyesha picha ulizotuma.

Alizitazama kwa muda. "Dada Marcelina," akasema, "hii ni bunduki ya kulinda mlango. Mtutu mfupi, ili mtu ageuke nayo upesi chumbani, na marisau yanatawanyika mapema. Kisahani kinakwenda mbali na kinakimbia. Hii haitakifikia."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana. Ila atabadilisha karibu kila kitu."

Anasema utafute mtutu mrefu, uliobana kidogo mdomoni ili marisau yaende pamoja. Huo mimi siwezi kukutumia. Kwa sheria za huku mtutu ni sawa na bunduki yenyewe, na huko pia itabidi upitie kwa muuzaji mwenye leseni na polisi wajue. Kitako chako nacho ni kifupi kwa mtu wa urefu wako, kitakugonga shavuni. Kinaongezwa kwa kipande cha mpira mzito. Na zile risasi za marisau makubwa unazoweka kwa ajili ya wezi uziache kabisa, utumie za marisau madogo. Mchezoni mtu anajaza mbili tu.

Alinichukua siku moja nikaone kwa macho yangu. Ni shamba tu, upepo mkali, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mama mmoja wa makamo anayefundisha pale, Bridget, alinipa vifaa vya kuziba masikio. Kisahani kikiruka, mtu anakifuata kwa mwili mzima, kinapasuka vipande vipande, halafu watu wanacheka na kunywa chai. Hakuna anayeogopa. Nilielewa kwa nini unautamani mchezo huu, Ambrose. Unataka kuishika ile bunduki mchana, katikati ya watu, na kinachoanguka kiwe udongo.

Lakini mimi kila bunduki ilipolia nilimwona yule kijana Anaeli ameanguka uani kwenu, ingawa usiku ule sikuwepo. Nikamwomba Gurpreet anirudishe kwenye gari.

Hata hivyo nilinunua. Mpira wa kitako, vya masikio, na mkoba wa risasi. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku kuuliza nani anasafiri kwenda Moshi. Aliyejibu ni Haika, dada yake Anaeli. Alisema ana nafasi ya kilo tatu.

Pengine hujui tunavyoishi mimi na Haika. Tunafanya kazi nyumba moja ya kulea wazee. Tangu mdogo wake afe kwa mkono wako mwaka jana, tumeendelea kuwaogesha wale wazee pamoja, yeye kichwani mimi miguuni. Yeye husema "Shikamoo dada," nami naitikia. Habari ya Anaeli haijawahi kutoka kinywani mwa yeyote kati yetu. Nilidhani amekubali mzigo akijua ni wako. Kumbe alidhani ni wa baba mdogo Prosper.

Alikuja Jumamosi alasiri, bado amevaa nguo za kazi. Nikampa chai. Akaniambia anakwenda kujengea kaburi la Anaeli, kwamba mama yao hataki Krismasi ifike likiwa bado udongo. Halafu akasema, "Naomba nione kilichomo, dada. Uwanja wa ndege wataniuliza."

Ningeweza kusema ni vipuri vya pikipiki. Mdomo ulikataa. Nikamwambia ni vifaa vya bunduki ya Ambrose, anataka kuigeuza ya mchezo.

"Bunduki ile ile?"

"Ile ile."

"Polisi walimrudishia?"

"Walimrudishia."

Akautoa ule mpira, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Hiki ni cha kazi gani?"

"Kinakaa begani. Isimuumize inapolia."

"Bega lake," Haika akasema. Akalirudia tena, polepole, "Bega lake." Akaurudisha mpira ndani ya mfuko vizuri kabisa, akauacha mzigo mezani, akachukua koti lake akatoka. Chai hakuigusa.

Sitakuficha, ulimi uliniwasha. Nilitaka kumkimbilia kwenye ngazi nimwambie Anaeli hakuja kwenu kuomba maji, alikuja na wenzake na walikuwa na mapanga, na ndani mlikuwa na watoto. Ni kweli tupu. Lakini Haika anaijua kweli hiyo, na ameishi nayo kwa aibu mbele ya Watanzania wote wa hapa. Nikamwacha ashuke, nikamwaga chai yake. Asubuhi yake akasafiri.

Alhamisi akanipigia kutoka kwao. Hajawahi kunipigia hata siku moja, nikajua kuna jambo. Alisema kaburi limekwisha, na kwamba amemweleza mama yake habari ya mzigo.

"Amekasirika?" nikauliza.

"Hapana. Ameuliza kitu kimoja tu. Anauliza Anaeli alisema nini."

"Lini?"

"Pale uani, dada. Ambrose aliwaambia polisi kwamba hakufa papo hapo. Wenzake walikuwa wameshakimbia. Mama anataka kujua kama alisema neno."

Nikamjibu sijui. Ambrose, mimi kweli sijui. Hujawahi kuniambia, na wifi alikuwa amejifungia chumbani na watoto. Mliokuwepo ni wawili, na mmoja ndiye huyo aliyejengewa kaburi.

Barua hii anakuletea Rajab wa mtaani kwetu, anasafiri Jumatano. Angeweza kubeba na vile vifaa. Nimempa barua peke yake, vifaa nimevirudisha dukani. Mchezo sikukatazi. Ukitaka kuibadilisha bunduki, maelezo ya Gurpreet unayo, tafuta vifaa hukohuko. Lakini kwanza nenda kwa yule mama. Mwombe baba mdogo Prosper akusindikize, mwende mchana. Haika atakuwepo mpaka mwaka mpya, naye ameahidi kwamba hakuna atakayekugusa.

Usiende kujitetea. Kama Anaeli alimwita mama yake, mwambie. Kama alikuomba msaada nawe ukaogopa kusogea, mwambie hivyo hivyo. Kama alikutukana, mwambie. Na kama hakusema kitu chochote, kaa naye mpaka aamini.

Nisalimie sana wifi Bertila, baba mdogo Prosper, shangazi Filomena na watoto wote mmoja mmoja. Mungu akupe miguu ya kufika kwenye ile nyumba na sauti ya kusema ukishafika.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo kama zamani,

Marcelina